Akili ni Nywele: Tusiwapime Binti Zetu kwa Kipimo Kimoja

Kila muhula wa shule unapofungwa, katika nyumba za askari mjini Jinja na mjini Mbale hufanyika baraza fupi ambalo halikuandikwa katika kanuni yoyote ya jeshi wala ya polisi. Baba huketi kitini, binti husimama mbele yake, na karatasi ya shule huletwa. Macho ya baba hayatazami maneno ya mwalimu, bali huenda moja kwa moja kwenye namba: ni wa ngapi kati ya wangapi? Kutokana na namba hiyo hukumu hutolewa, na mara nyingi hukumu hiyo haina rufani.

Tulihudhuria baraza la namna hiyo huko Jinja miaka michache iliyopita. Koplo mmoja, mtu wa redio, hodari wa kazi yake na mwenye kuipenda jamaa yake, alipokea karatasi ya binti yake aliyekuwa kidato cha pili. Msichana alikuwa wa 43 kati ya 61, na katika hisabati alikuwa amepata alama 19 kati ya 100. Koplo aliikunja karatasi ile, akasema mbele yetu sisi wageni: "Huyu hana akili. Karo yangu naitupa ziwani." Binti hakujibu neno. Alichukua ndoo akaenda bombani.

Twasimulia habari hii si kwa kutaka kumwaibisha koplo yule, kwani neno alilolisema tumelisema wengi. Twaisimulia kwa sababu ya jambo lililofuata. Msichana aliporudi na maji, mke wa sajini jirani alibisha hodi akiwa na karatasi ya hospitali iliyoandikwa kwa Kiingereza. Alitaka asomewe na aelezwe namna ya kuwapa watoto wake dawa. Binti yule akamfasiria kwa Kiswahili, kisha akamgeukia mama mwingine aliyekuwa mlangoni akamweleza jambo lilo hilo kwa Lusoga, na alipoona mke wa sajini bado ana wasiwasi, akamrudia tena kwa maneno mengine hata akafahamu. Nyumbani kwao walisema lugha ya nne. Kazi ambayo ingehitaji mkalimani wa mahakama ilifanywa na mtoto ambaye saa moja kabla aliambiwa kwamba hana akili.

Njiani tulijiuliza: je, huyu hana akili, au karatasi ile haikuuliza juu ya akili aliyo nayo? Swali hili ndilo tunalotaka kulichambua leo pamoja na ndugu zetu wanajeshi na polisi, kwani jibu lake hubadili maisha ya wasichana wengi wanaokulia katika kambi zetu.

KIPIMO KIMOJA KILIVYOANZA

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Hata hivyo ulimwengu wa shule kwa muda mrefu umeshika njia nyingine, yaani kumpima kila mtoto kwa fimbo moja.

Mwaka 1905, mjini Paris, Alfred Binet akishirikiana na daktari Théodore Simon alitunga maswali ya kuwatambua watoto waliohitaji msaada zaidi shuleni. Nia yake ilikuwa njema, na yeye mwenyewe aliwapinga waliodhani kwamba akili ya mtoto ni kiasi kilichofungwa kisichoweza kuongezeka. Lakini chombo kikisha kutoka mikononi mwa fundi, fundi hana amri nacho tena.

Yafaa wasomaji wetu wajue kwamba jeshi ndilo lililokieneza kipimo hicho kwa watu wengi. Marekani ilipoingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1917, askari wapya wapatao 1,700,000 walipewa mtihani wa akili uliotungwa chini ya uongozi wa Robert Yerkes. Waliojua kusoma walipewa karatasi ya maneno, na wasiojua walipewa ya picha. Miongoni mwa maswali ya maneno yalikuwapo yale ya kumtaka askari ajue bidhaa za madukani za Marekani na majina ya wachezaji wa beisiboli. Mtu aliyeshuka melini jana kutoka Italia au Poland angejuaje mambo hayo? Alishindwa, na baadaye wako watu waliozitumia alama zile kudai kwamba mataifa mazima yana akili pungufu. Kosa lilikuwa katika maswali, lakini lawama ikatupwa kwa walioulizwa.

Hapa kwetu mambo hayakuwa hivyo tangu asili. Mtafiti Mallory Wober, katika maandishi aliyoyatoa miaka ya 1970, aliwauliza watu wa Uganda maana ya akili. Wanavijiji aliowauliza waliihusisha akili na mtu wa taratibu na mwangalifu, hali waalimu na watu walioshika elimu ya kigeni waliihusisha na wepesi. Aliona pia kwamba Waganda na Watoro hawakukubaliana: kwa Waganda akili ilikuwa kitu kigumu chenye kudumu, na kwa Watoro ilikuwa kitu laini chenye kutii. Basi ikiwa katika nchi yetu moja watu hawana fikira moja juu ya akili, ni haki gani inayotuwezesha kuitaja kwa namba moja?

AKILI ZA NAMNA NYINGI

Mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Marekani, Howard Gardner, alitoa kitabu ambacho kilitikisa mawazo ya waalimu wengi. Alisema kwamba binadamu hana akili moja bali ana akili za namna saba: ya lugha, ya hesabu na mantiki, ya muziki, ya maumbo na nafasi, ya mwili na viungo, ya kuwafahamu watu wengine, na ya kujifahamu nafsi. Baadaye aliongeza ya nane, nayo ni ya kuvitambua viumbe na mazingira. Kila mtu anazo zote, alisema, lakini hazilingani.

Mwanajeshi hahitaji kitabu ili alielewe jambo hili. Katika seksheni moja yuko mlenga shabaha, yuko mtu wa redio, yuko tabibu, yuko yule anayesoma ardhi kama wengine wasomavyo gazeti, na yuko yule ambaye wenzake wakivunjika moyo humtazama yeye. Hakuna kamanda mwenye busara anayewapanga watu hao kwa safu moja kuanzia mwenye akili hadi asiye na akili. Kadhalika katika polisi, askari anayepatanisha jamaa wawili wanaogombea mpaka wa shamba hatumii akili ile ile ya mwenzake anayefuatilia hesabu za wizi wa benki. Twashangaa basi kwamba hekima hii tunayoitumia kazini tunaiacha langoni tunapoingia nyumbani.

Tuangalie wilaya zetu hizi za mashariki. Busoga ni nchi ya muziki. Ngoma ya bigwala, inayopigwa kwa mabaragumu ya vibuyu, ilitiwa na UNESCO mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa upesi. Katika baragumu hizo kila mpigaji hutoa sauti moja tu, na wimbo hupatikana kwa kila mmoja kujua hasa wakati wake. Mtoto awezaye kushika zamu yake katika mpango kama huo anahesabu, ingawa hajui kwamba anahesabu. Tupande sasa mpaka miteremko ya Mlima Elgon. Kule msichana wa miaka kumi na mitatu apandaye na kushuka kwa kuni na maji anaijua ardhi ile: anajua njia ipi huteleza na kijito kipi hupanda ghafula mvua ikinyesha. Ndugu zetu wa jeshi na polisi waliokwenda kuokoa watu wa Bududa baada ya maporomoko ya udongo ya Machi 2010, na waliofanya kazi mjini Mbale wakati wa mafuriko ya mwisho wa Julai 2022, wanafahamu thamani ya mtu anayeijua ardhi. Katika nchi ya Sebei, upande wa pili wa mlima, alitoka Peruth Chemutai, ambaye mwaka 2021 huko Tokyo alikimbia mbio za kuruka viunzi na maji za mita 3,000 kwa dakika 9 na sekunde 1.45, akawa mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata medali ya Olimpiki, nayo ilikuwa ya dhahabu.

Akili hizo zote zipo. Lakini kuwapo kwake hakutoshi kumfanya msichana apende masomo, na wakati mwingine hutokea kinyume. Ng'ambo ya ziwa lile lile ambalo watu wa Jinja huliona kila asubuhi, katika kijiji cha Usenge karibu na Kisumu, watafiti waliofanya kazi na Robert Sternberg waliwapima watoto 85 wa Kijaluo wenye umri wa miaka 12 hadi 15. Waliwauliza juu ya dawa za miti shamba za kutibu maradhi ya kwao, kisha wakawapa mitihani ya msamiati kama ile ya shule. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba waliozijua sana dawa walielekea kupata alama za chini katika msamiati. Watafiti walieleza kwamba jamaa nyingine ziliona shule haina faida kwao, zikamfunza mtoto yale yatakayomfaa kijijini, na nyingine ziliweka tumaini lote shuleni. Mtoto alijifunza kwa bidii kile ambacho watu wake walikithamini. Hapa ndipo habari ya akili inapokutana na habari ya ari.

ARI HUTOKA WAPI?

Wako wanaodhani kwamba ari ya kusoma huingizwa kwa kiboko au kwa ahadi ya viatu vipya. Vyote viwili huweza kumfanya mtoto aketi mbele ya daftari, lakini havimfanyi apende kilichomo ndani yake. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wamefundisha kwa miaka mingi kwamba ari ya kweli hukua mtu anapopata mambo matatu: kujiona anaweza, kujiona ana hiari katika analolifanya, na kujiona ni wa watu wanaomjali. Mwondolee jambo la kwanza, na hayo mawili yaliyobaki hulegea.

Kuna jaribio jingine linalostahili kukumbukwa. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walitangaza habari za watoto wa shule waliopewa mafumbo. Baada ya kushinda mafumbo ya kwanza, baadhi yao waliambiwa kwamba wana akili sana, na wengine waliambiwa kwamba wamejitahidi sana. Kisha wote walipewa mafumbo magumu wakashindwa. Wale waliosifiwa akili walipoteza hamu upesi zaidi, na walipopewa mafumbo mengine mepesi walifanya vibaya kuliko mwanzo. Wale waliosifiwa juhudi waliendelea. Ikiwa hata sifa ya akili yaweza kumdhuru mtoto, je, tusi la kukosa akili litamfanya nini?

Kwa msichana neno hilo lina uzito wa namna yake. Mvulana akiambiwa hana akili hutafutiwa fundi. Msichana akiambiwa hivyo hutafutiwa mume. Katiba yetu ya mwaka 1995 imeweka umri wa kuoa na kuolewa kuwa miaka 18, na askari polisi wanaosoma ukurasa huu wamepata kuyaona majalada ya kesi za wasichana waliopelekwa kabla ya umri huo. Shule zilipofungwa tarehe 20 Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na wasichana wa madarasa mengi wakakaa nyumbani mpaka Januari 2022, wako waliopata mimba na wako walioozwa, na madawati yao yakabaki wazi. Tusijidanganye kwamba wote waliopotea walipotezwa na ugonjwa. Wako ambao kabla ya hapo walikwisha kuambiwa kwamba shule si mahali pao, na mlango ulipofungwa hawakuwa na sababu ya kungoja ufunguliwe.

Tena msichana hupimwa na macho ya watu. Mara kwa mara matokeo ya mitihani ya taifa yanapotangazwa husikika kwamba wasichana wamewashinda wavulana katika Kiingereza, na wavulana wamewashinda wasichana katika hisabati na sayansi. Wengi hudhani kwamba hiyo ni amri ya maumbile. Lakini sikilizeni jambo lililofanyika katika mji mkuu wetu. Phiona Mutesi, msichana wa Katwe ambaye alipata kuacha shule kwa kukosa karo, alijifunza sataranji kwa mwalimu Robert Katende, na mwaka 2012 katika mashindano ya Istanbul alipata cheo cha kimataifa. Sinema juu ya maisha yake ilitolewa mwaka 2016. Mwaka huo huo mtafiti Emma Riley aliwaonyesha baadhi ya wanafunzi wa Kampala sinema hiyo siku chache kabla ya mtihani wa taifa, na wengine akawaonyesha sinema nyingine isiyohusika. Waliomwona Mutesi walipunguza kushindwa katika hisabati, hasa wasichana wa kidato cha nne na wale waliokuwa nyuma. Hakuna somo la hisabati walilofundishwa katika saa zile mbili. Walichokiona ni msichana wa kwao anayefikiri, na watu wazima wanaomheshimu kwa sababu anafikiri.

HATARI YA DAWA HII

Hapa hatuna budi kutoa tahadhari, kwani dawa ikizidi kipimo huwa sumu. Tumekwisha kuwasikia wazazi, hata waalimu, wakisema: "Huyu binti akili yake ni ya kuimba na kucheza. Hisabati tumwachie kaka yake." Maneno haya ni hukumu ile ile ya koplo iliyovishwa nguo za sikukuu. Mtoto amefungiwa mlango kwa tabasamu badala ya kufungiwa kwa ukali.

Yatupasa pia kuwa wakweli juu ya elimu yenyewe. Wanasayansi wengi hawakumkubali Gardner kwa yote. Wanasema kwamba akili hizo alizozitaja hazijathibitishwa kuwa vitu mbalimbali kabisa, na kwamba mara nyingi anayefanya vyema katika mtihani wa namna moja hufanya vyema pia katika wa namna nyingine. Aidha, majaribio ya kumfundisha kila mtoto kwa mtindo unaodhaniwa kuwa wake hayakuonyesha faida iliyotumainiwa. Kwa hiyo asitokee mtu wa kuwagawa wasichana wetu katika makundi manane na kuwabandika vibao vifuani. Kufanya hivyo ni kurudi kwa yale yale ya mwaka 1917.

Basi faida iko wapi? Iko katika kuitumia akili iliyo wazi kuwa daraja la kuvukia kwenda kwenye somo lililo gumu. Mwaka 1985 watafiti wa Brazil walitangaza habari za watoto wachache waliouza vitu katika masoko ya mji wa Recife. Walipoulizwa bei kama wanunuzi waulizavyo, watoto wale walijibu karibu hesabu zote sawasawa. Hesabu zile zile zilipoandikwa kwenye karatasi kama za shule, walipata zipatazo theluthi moja tu. Akili ilikuwa ni ile ile. Kilichokosekana ni daraja kati ya soko na ubao. Katika soko la Mbale wako wasichana wanaouza malewa na nyanya pamoja na mama zao, wanarudisha chenji bila kukosea hata shilingi, na kesho yake huketi darasani wakiamini kwamba hesabu ni kitu cha watu wengine. Mwalimu akianza somo na fungu la malewa kabla hajafika kwenye herufi na alama, hajampunguzia mtoto hisabati. Amemwonyesha kwamba alikwisha kuianza.

Sisi wenyewe tuliliona jambo hili tulipokuwa shule ya makadeti. Alikuwapo mwenzetu ambaye ramani ubaoni ilimshinda kabisa, na mistari ya mwinuko aliiona kama nyuzi zilizotatizana. Mwalimu wetu hakumwambia kwamba hana akili wala hakumsamehe somo. Alimpandisha kilima akamwamuru akizunguke akiwa katika kimo kile kile, asipande wala asishuke, kisha akamwambia: "Njia uliyoipita ndiyo mstari huu." Kuanzia siku ile miguu ilimfundisha kichwa, na mwishoni aliwaongoza wenzake usiku kwa dira. Hakuachiwa asijue ramani kwa kuwa akili yake ilikuwa ya miguu. Aliijua kwa kupitia miguuni.

WAJIBU WETU

Serikali imekwisha kufanya sehemu yake katika baadhi ya mambo. Tangu mwaka 1990 wasichana wanaoomba kuingia vyuo vikuu vya umma huongezewa pointi moja na nusu. Mtaala mpya wa shule za sekondari ulianza kidato cha kwanza Februari 2020, na mtihani wake wa kwanza wa kidato cha nne ulifanywa mwaka 2024. Katika mtaala huo asilimia 20 ya alama hutoka katika kazi anazozifanya mwanafunzi darasani na nje ya darasa, na asilimia 80 hutoka katika mtihani wa mwisho. Michezo na ujasiriamali vimewekwa katika masomo ya lazima ya vidato viwili vya kwanza, na Kiswahili pia kimewekwa humo.

Jambo hili la Kiswahili linawahusu sana askari. Kwa miaka mingi watoto wa kambi zetu walikuwa na hazina ambayo shule haikuitia hesabuni. Walikisema Kiswahili tangu utotoni kwa sababu ndiyo lugha ya majeshi yetu, lakini walipofika darasani, katika shule nyingi kilikuwa hakina alama, na pengine kilichekwa kuwa ni lugha ya baraki. Sasa kina kitabu, kina mtihani, na baraza la mawaziri lilikikubali mwaka 2022 kuwa lugha rasmi. Shule nyingi zina upungufu wa waalimu wake. Basi binti wa askari anayeingia kidato cha kwanza anaingia na kitu ambacho wenzake wengi hawana, na ambacho mwalimu mwenyewe anakitafuta. Yeye apaswa kuambiwa hivyo, na wa kumwambia ni mzazi wake.

Twapendekeza basi mambo machache yasiyohitaji fedha wala kibali cha mkubwa. Kwanza, siku ya kufunga shule mzazi asome maneno ya waalimu kabla ya kutazama namba, na amwulize binti ni kazi gani ya muhula ule aliyoifanya hata akasahau muda. Jibu la swali hilo litamwonyesha mahali pa kujenga daraja. Pili, asifie juhudi na njia aliyoitumia mtoto, si kichwa chake. Na anapokosoa, akosoe kazi, asimkosoe mtu. Tatu, afande anayepewa likizo ya siku mbili atenge saa moja aende shuleni akaonane na mwalimu wa somo lililomshinda binti, amweleze yale anayoyaweza nyumbani, kwani mwalimu wa wanafunzi themanini hawezi kuyaona yote. Nne, kazi za nyumbani zigawanywe kwa haki. Msichana anayechota maji, kupika na kulea mpaka saa tatu ya usiku, huku kaka yake akiwa na taa na meza, hashindwi kwa kukosa akili. Ameshindwa na usingizi. Tano, askari wanawake wa vikosi vyetu, marubani, matabibu, wapelelezi na mafundi wa mitambo, waalikwe shuleni wakaseme na wasichana juu ya somo lililowashinda wao na namna walivyolishinda baadaye. Tumeona katika habari za Kampala kile ambacho sinema moja iliweza kukifanya. Mtu hai aweza zaidi.

Aidha tukumbuke uhamisho, ambao ni sehemu ya maisha yetu. Mtoto wa askari hubadili shule amri inapotoka, na kila anapofika huanza tena kuwa mgeni asiyejulikana analoliweza. Mzazi huhamisha kitanda na sufuria. Ahamishe pia habari za binti yake, yaani daftari zake, kazi alizozifanya kwa mikono yake, na barua ya mwalimu wa zamani kwa mwalimu mpya.

Tunalisema hili kwa sababu ya binti yule wa Jinja. Baba yake alihamishwa kwenda Mbale, nao wakasafiri na mizigo yao kupitia Iganga na barabara ya Tirinyi. Muhula wa kwanza msichana hakusema sana, wala hakuomba daftari mpya. Lakini katika miezi michache alikwisha kuinasa lugha ya Kimasaba, na mwalimu mmoja alimwona uwanjani akiwafasiria watoto wageni. Mwalimu huyo alimpa kazi: kila Ijumaa awaeleze wanafunzi wa kidato cha kwanza hesabu ya wiki ile kwa Kiswahili, kwa maneno yake mwenyewe. Ili aweze kuieleza ilimbidi kwanza aielewe, na asipoielewa alikwenda kuuliza, jambo ambalo hakulifanya tangu siku ya ndoo ile. Mwisho wa mwaka alipata alama 46 katika hisabati. Hakuwa wa kwanza, wala hatutaki kuwadanganya wasomaji kwamba sasa ni bingwa.

Tulipita Mbale kwa kazi, tukamkuta koplo, sasa sajini, amekaa nje na karatasi ya shule mkononi. Hakuwa ameikunja. Alimwita binti akaketi kando yake, akamwonyesha kidole kwenye zile 46 akasema: "Hizi umezipataje? Nieleze." Naye akaanza kueleza.